Mkufunzi wa farasi anapotuhumiwa: apishe uchunguzi au abaki zizini hadi hukumu?

Mpenda Mbio (mwanzisha uzi)

Ndugu wachangiaji, salamu kwenu nyote.

Nimefuatilia mbio za farasi kwa miaka mingi, zile za Jumapili katika uwanja wa Ngong hapa Nairobi na zile za ng'ambo tunazozitazama kwenye televisheni, na kila kashfa inapozuka hurudi swali lile lile: mkufunzi anayetuhumiwa kuwapa farasi dawa haramu au kuwatesa, apishe uchunguzi, au aachwe aendelee na kazi mpaka hatia ithibitishwe? Nautaja msimamo wangu mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Naamini apishe. Naamini pia kwamba kumwondoa mtu zizini bila kumsikiliza ndani ya siku chache ni kumwadhibu kabla ya hukumu, hata tukiita hatua hiyo tahadhari.

Nitaanza na kesi ambayo kwa maoni yangu ilikwenda inavyotakiwa. Tarehe 9 Aprili 2013, maafisa wa mamlaka ya mbio za farasi ya Uingereza waliingia katika zizi la Moulton Paddocks mjini Newmarket, mali ya Godolphin, yaani himaya ya mbio ya Sheikh Mohammed wa Dubai, wakachukua sampuli za farasi 45. Farasi 11 walikutwa na steroidi za kujenga misuli. Matokeo yalitangazwa tarehe 22, na tarehe 25 mkufunzi Mahmood Al Zarooni alisimama mbele ya jopo la nidhamu, akakiri, akapigwa marufuku ya miaka 8. Tangu sampuli kuchukuliwa hadi hukumu kutolewa zilipita siku 16. Sheikh mwenyewe aliagiza zizi lile lifungwe hadi farasi wote waliokuwamo wapimwe, na vipimo hivyo vya baadaye vikafichua farasi wengine 7, akiwemo Encke, mshindi wa mbio za St Leger za mwaka 2012.

Hao 7 ndio wanaonifanya nishikilie kwamba mkufunzi apishe. Katika kesi ya wizi wa fedha benki, hati zinaweza kufungiwa kabatini na zikakaa vile vile mwaka mzima. Katika mbio za farasi ushahidi ni mnyama aliye hai, anayekula, anayekunywa na anayekojoa, na dawa iliyomo mwilini mwake hupungua kila siku inayopita. Anayeshika ufunguo wa chumba cha dawa, anayeandika daftari la matibabu, anayeamua farasi yupi apelekwe malishoni na yupi abaki, ni yule yule anayechunguzwa. Wanariadha wetu wa Kenya wanajua vizuri maana ya kusimamishwa kwa muda baada ya sampuli ya kwanza, lakini mkimbiaji huchunguzwa kwa mkojo wake mwenyewe, ambao tayari umo ndani ya chupa iliyofungwa kwa lakiri. Mkufunzi anapokutwa na farasi mmoja mwenye dawa, nyuma yake wanabaki wengine 40 au 100 ambao hawajapimwa, na wote wako mikononi mwake.

Kesi ya pili ni ile iliyokwenda kombo kila upande. Tarehe 1 Mei 2021, farasi Medina Spirit wa mkufunzi Bob Baffert alimaliza wa kwanza katika mbio za Kentucky Derby nchini Marekani. Siku 8 baadaye Baffert aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba sampuli ilikuwa na betamethasoni, pikogramu 21 katika mililita moja ya damu. Hiyo ni dawa ya kutuliza uvimbe, inayoruhusiwa katika tiba lakini haitakiwi kuonekana mwilini siku ya mbio. Kampuni ya Churchill Downs, yenye uwanja wa mbio hizo, ilimfungia mlango siku ile ile, na tarehe 17 Mei chama kinachoendesha mbio za New York nacho kikamfungia. Hakuna aliyemwita kwanza kumsikiliza. Baffert akaenda mahakamani, na tarehe 14 Julai jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Brooklyn akaizuia hatua ya New York kwa sababu mtu huyo hakupewa nafasi ya kujitetea kabla ya kunyimwa riziki yake. Kwa hiyo aliyeondolewa kwa haraka alirejea kwa amri ya mahakama, huku wasimamizi wa mbio wa Kentucky wakichukua hadi Februari 2022 kutoa uamuzi wao: siku 90 za kusimamishwa, faini ya dola 7,500, na ushindi kupewa Mandaloun, farasi aliyemaliza wa pili. Wakati huo Medina Spirit hakuwepo tena, kwani alikufa tarehe 6 Desemba 2021 baada ya mazoezi katika uwanja wa Santa Anita. Alikufa vitabu vikimtambua kama bingwa, akavuliwa ubingwa akiwa hayupo. Waliomchezea Mandaloun kamari siku ile hawakulipwa, kwa sababu malipo ya dau hufungwa siku ya mbio yenyewe.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni kupisha kwa jina tu. Adhabu ya Baffert ilipoanza mwezi wa Aprili 2022, baadhi ya farasi wake walihamia kwa Tim Yakteen, aliyewahi kuwa msaidizi wake, na wawili kati yao, Taiba na Messier, walikimbia Kentucky Derby ya mwaka huo kwa jina la Yakteen. Adhabu ilipokwisha Taiba alirudi kwa Baffert, na Septemba akashinda Pennsylvania Derby. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, wala simtuhumu Yakteen kwa lolote. Nauliza tu kama tunapomwambia mtu akae kando tunataka jina lake liondoke kwenye karatasi ya mbio au mkono wake uondoke kwa farasi, maana hivyo ni vitu viwili tofauti.

Naomba maoni yenu, hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi zizini.

Mizani

Ndugu Mpenda Mbio, nakushukuru kwa kuandika kwa takwimu na tarehe. Hata hivyo umechagua kesi ambazo kosa au sampuli haikuwa na ubishi mkubwa, na ni rahisi kumwondoa mtu ambaye mwishowe anakiri. Sheria hupimwa kwa yule asiye na hatia.

Naomba tutazame jimbo la Victoria, Australia. Mwaka 2015 wakufunzi Danny O'Brien na Mark Kavanagh walishtakiwa baada ya farasi wao kukutwa na kobalti iliyopita kiwango kinachoruhusiwa. Januari 2016 bodi ya nidhamu iliwapata na hatia, O'Brien akapewa miaka 4 na Kavanagh miaka 3. Waliruhusiwa kuendelea na kazi wakisubiri rufaa, na mwaka 2017 baraza la rufaa la jimbo likazifuta adhabu hizo, kwa kuwa ilionekana kwamba kobalti iliingia kupitia dripu za daktari wa mifugo na wakufunzi hawakujua kilichomo. Sampuli ilikuwa ya kweli, maabara haikukosea, na bado watu hao hawakustahili adhabu ile. Novemba 2019, farasi Vow And Declare wa O'Brien alishinda mbio za Melbourne Cup.

Sasa fikiria kanuni yako ingemkuta O'Brien mwaka 2015. Mkufunzi hana mshahara wa serikali kwamba atalipwa nusu huku akisubiri. Hapa Kenya, afisa wa umma aliyefunguliwa mashtaka ya ufisadi husimamishwa kwa nusu mshahara chini ya sheria ya mwaka 2003, na akiachiliwa huru anarudi ofisini na kukuta kiti chake kipo. Mkufunzi hulipwa na wamiliki kwa kila farasi anayemtunza. Wamiliki wakihamisha farasi wiki ya kwanza, hawarudi wiki ya kumi. Miaka miwili ya kusubiri ingemwachia O'Brien zizi tupu, na ushindi wake wa rufaa ungekuwa wa kwenye karatasi.

Zingatia pia kwamba Marekani yenyewe imelazimika kujirekebisha. Mfumo mpya wa taifa wa kudhibiti dawa ulipoanza tarehe 22 Mei 2023, mkufunzi aliyekutwa na dawa iliyopigwa marufuku alisimamishwa mara tu sampuli ya kwanza iliposomwa, lakini baada ya malalamiko ya miezi ya mwanzo wakaruhusiwa kusubiri matokeo ya sampuli ya pili. Walioandika sheria ile hawakuwa watetezi wa wadanganyifu. Mashine inaweza kusoma kiasi kidogo mno cha dawa ya kisukari ya binadamu, ilhali haiwezi kusema ilitoka kwa mkufunzi au kwenye mikono ya mtu anayeitumia kwa ugonjwa wake.

Neno "tuhuma" nalo lichungwe. Mshindani mwenye wivu anaweza kupiga simu. Saisi, yaani mtunza farasi, aliyefukuzwa anaweza kupiga simu. Tukisema kila anayetuhumiwa apishe, tumempa kila adui silaha isiyohitaji ushahidi, na katika jamii ndogo kama ya mbio za Nairobi, ambako wakufunzi wanahesabika na kila mtu anamjua mwenzake, silaha hiyo itatumika mapema kuliko tunavyodhani.

Saisi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma nyote wawili na kila mmoja ana haki yake. Nilifanya kazi ya usaisi kwa zaidi ya miaka 20 katika mazizi ya Nairobi, na ninachokisema nimekiona kwa macho. Sitataja zizi wala mtu.

Mizani, mwanangu, umesema saisi aliyefukuzwa anaweza kupiga simu. Ni kweli anaweza. Nakuomba umfikirie pia yule ambaye hajafukuzwa, kwa sababu ndiye anayejua zaidi. Saisi huamka saa kumi alfajiri. Hujua farasi wake alikula kiasi gani, alikojoa mara ngapi, alilala upande gani, na nani aliingia chumbani mwake usiku. Daktari humwona farasi kwa dakika chache, mkufunzi kwa nusu saa, lakini saisi hushinda naye.

Mwaka mmoja wasimamizi walikuja zizini kwetu kuuliza kuhusu farasi jike niliyekuwa namtunza. Alikuwa amekimbia vizuri kuliko kawaida yake, na baada ya mbio alitetemeka usiku kucha, akakataa maji mpaka asubuhi. Waliniuliza pale pale uani, mchana, na mkufunzi alikuwa amesimama kwenye uzio, hatua kumi hivi kutoka kwangu. Hakusema neno lolote. Hakunitisha. Chumba nilicholala na mke wangu na watoto kilikuwa ndani ya ua wake, na karo ya muhula ule nilikuwa nimemkopa yeye. Nikajibu kwamba sijui. Nilijua. Nilikuwa nimemwona mtu akitoka na sindano, na hadi leo nikimkumbuka yule farasi nasikia aibu. Uchunguzi ulifungwa kwa kukosa ushahidi, na maafisa waliandika, kwa haki kabisa, kwamba walimhoji mtunza farasi na hakuwa na la kueleza.

Kwa hiyo mimi naunga mkono apishe, tena siku ile ile. Hata hivyo naomba msitusahau sisi. Nimeona pia zizi ambalo mkufunzi aliondolewa, wamiliki wakaja na malori kuchukua farasi wao, na ilipofika Ijumaa hapakuwa na wa kutulipa. Tulikuwa masaisi wanane na hakuna aliyetuhumiwa kwa lolote. Mkufunzi Darren Weir alipopigwa marufuku kule Australia mwaka 2019, yule aliyeshinda Melbourne Cup ya 2015 kwa farasi Prince of Penzance, zizi lake lilikuwa kubwa kuliko yote nchini humo, na niliposoma habari ile nilijiuliza juu ya wapanda farasi wa mazoezi, wasafishaji vyumba, na walisha farasi walioamka siku ile bila kazi. Mlio na elimu ya sheria tuandikieni kanuni inayomtoa mkubwa bila kumlaza mdogo na njaa.

Mpenda Mbio

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara tatu, na yamenifundisha jambo ambalo tarehe zangu zote hazikulifikia. Nilikuwa nautetea ushahidi ulio kwenye damu, nikausahau ulio kwenye kinywa cha saisi.

Mizani, nakubali kwamba nililichukua neno "tuhuma" kwa wepesi. Simu pekee isimwondoe mtu. Tena kuna hatua ambayo kumwambia mtu apishe ni kuuharibu uchunguzi wenyewe, na mfano wake ni ule wa wakufunzi Jorge Navarro na Jason Servis huko Marekani, walioshukiwa kuwapa farasi dawa haramu. Wapelelezi wa shirikisho walisikiliza simu zao kwa siri kwa muda mrefu, na wao hawakujua. Tarehe 29 Februari 2020, farasi Maximum Security wa Servis alimaliza wa kwanza katika mbio za kwanza kabisa za Saudi Cup mjini Riyadh, zenye zawadi ya dola milioni 20, na siku 9 baadaye watu 27 walifunguliwa mashtaka mjini New York, wawili hao wakiwemo. Navarro alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na Servis miaka 4. Wangeambiwa mapema wakae kando, simu zingenyamaza na chupa zingetupwa. Hata hivyo siwezi kuisifu subira ile kwa moyo mweupe. X Y Jet, farasi ambaye Navarro alikiri kwamba alipewa dawa, alikufa Januari 2020, wakati wapelelezi bado wanasikiliza. Sisemi kwamba dawa ndiyo iliyomuua. Nasema kila siku ya upelelezi wa siri ni siku nyingine ambayo farasi yuko mikononi mwa anayeshukiwa, na anayeamua kusubiri aibebe siku hiyo moyoni.

Hivyo narekebisha pendekezo langu. Uchunguzi ukiwa wa siri, mkufunzi asiguswe. Saa ambayo maafisa wanaingia zizini waziwazi wakiwa na ushahidi ambao hautegemei kauli ya mtu mmoja, kama sampuli, kifaa au picha, mkufunzi akabidhi ufunguo wa chumba cha dawa na daftari la matibabu, aondoke uani, na asizungumze na masaisi mpaka wote wawe wamehojiwa mahali pengine. Asikilizwe ndani ya siku 14 kuhusu swali moja tu, yaani kama kurudi kwake kutahatarisha farasi au ushahidi. Jopo lisipoketi katika siku hizo, arudi, na uzembe uwe wa jopo. Kwa Weir, maafisa waliingia zizini tarehe 30 Januari 2019 na marufuku ya miaka 4 ikatolewa tarehe 6 Februari, naye hakupinga, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siku 14 ni ndoto. Na O'Brien? Ankara za dripu na kumbukumbu za daktari zingekuwa mezani mapema, na naamini angerudi zizini kabla wamiliki hawajachoka kumsubiri, kisha kesi yake ingeendelea kwa mwendo wake, hata kama ni miaka miwili.

Kuhusu wa kushika nafasi yake, nina mashaka na msaidizi. Machi 2021, baada ya picha ya mkufunzi Gordon Elliott wa Ireland akiwa ameketi juu ya farasi aliyekufa kusambaa, Uingereza ilisema hatakimbiza farasi huko hadi Ireland iamue, lakini wamiliki waliruhusiwa kuwahamisha farasi wao, na farasi Envoi Allen akaenda kwa mkufunzi Henry de Bromhead. Ireland iliamua ndani ya siku chache: miezi 12, nusu yake ikiahirishwa, na kulipa gharama za kesi za euro 15,000. Hapo nawasifu kwa kasi yao. Leseni ya zizi la Elliott ikachukuliwa na Denise Foster, na ndani ya wiki mbili farasi watatu wa zizi lile, Tiger Roll akiwa mmojawapo, walishinda katika mbio za Cheltenham kwa jina la Foster. Foster alikuwa mkufunzi mwenye leseni yake na alifanya kazi halali. Hata hivyo ningependa mshikaji wa muda ateuliwe na wasimamizi kutoka nje, na zawadi zote za kipindi hicho ziwekwe kando hadi kesi iishe.

Na mishahara, Mzee. Ada ambazo wamiliki hulipa kila mwezi ziendelee kwa mwezi mzima tangu siku ya kufungwa, hata kwa anayehamisha farasi wake, na zipitie kwa mshikaji wa muda moja kwa moja hadi kwa masaisi. Mwenye farasi wa mamilioni anaweza kubeba mwezi mmoja.

Mizani

Kwa siku 14, na kwa sharti kwamba jopo likichelewa mtu anarudi, nakubali. Nisingekubali siku 15. Naongeza moja tu: atakayeonekana hana hatia, wasimamizi watangaze hivyo kwa sauti ile ile waliyotumia kutangaza kuondoka kwake, na katika ukurasa ule ule.

Mpenda Mbio

Nalipokea hilo. Mzee wangu, kama hutajali swali langu, yule farasi jike aliishia wapi?

Saisi Mstaafu

Alikimbia mara mbili zaidi na hakufika mbele. Kisha mguu wa kushoto wa mbele ukavimba, akauzwa kwa watu wanaofundisha watoto kupanda farasi. Mimi ndiye niliyempandisha lorini. Alikuwa mpole sana siku hiyo.